Karkade ya Aswan

Wasafiri wengi walioandika habari za Aswan, mji mkubwa wa mwisho wa Misri kwa upande wa kusini, walivutwa huko na mawe: hekalu la Philae, ambalo kati ya mwaka 1972 na 1980 lilivunjwa jiwe baada ya jiwe na kusimamishwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia ili lisimezwe na maji ya bwawa, na ile nguzo ya urefu wa takriban mita 42 ambayo mafundi wa Mafirauni waliichonga, ikaingia ufa, wakaiacha imelala machimboni hadi leo. Mimi pia niliyaendea mawe hayo nikayastaajabia kama inavyopasa, wala simkatazi mtu kuyafuata. Lakini makusudi ya safari yangu yalikuwa mengine, nayo ni kile kinywaji chekundu kiitwacho karkade, ambacho Wamisri wa kila tabaka humwambia mgeni kwamba kilicho bora hutoka Aswan, na ambacho nilitaka kukinywa pale pale kinapouzwa, kinapopikwa na kinapobishaniwa.

Yapasa nieleze kwa nini mtu wa pwani, aliyelelewa kwa chai ya maziwa asubuhi na kahawa chungu barazani, akafunga safari ndefu namna hiyo kwa ajili ya maji ya maua. Usingizi ulikuwa umenihama, na tabibu wangu akanishauri niache kila chenye kafeini baada ya Alasiri, akinifahamisha kwamba katika mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kafeini kupungua hata ibaki nusu yake, hivyo yule anywaye vikombe viwili vitatu vya kahawa baada ya Isha hupanda nayo kitandani. Nikatii, na katika kutii kwangu nikaanza kuona jinsi vinywaji visivyo na kafeini vinavyodhulumiwa. Kwetu mtu akisema hanywi chai hupewa pole. Huletewa mchaichai au maji ya tangawizi kwa sauti ya kumwuguza, kana kwamba vitu hivyo viliumbwa kwa ajili ya wenye homa tu, na hapana amwulizaye kama ameipenda ladha, maana mgonjwa huulizwa kama amepata nafuu, haulizwi kama amefurahi. Nami naamini kwa dhati ya moyo wangu kwamba kinywaji cha mimea kina daraja yake, na kile chenye ladha ya matunda kina daraja ya juu zaidi, kinachostahili kuonjwa kwa makini yale yale ambayo wajuzi wa kahawa huipa kahawa. Na nilipata kusikia kwamba wako watu kandokando ya Nili ambao hawahitaji kushawishiwa juu ya jambo hilo.

Kutoka Kairo hadi Aswan ni mwendo wa reli wa kilomita zipatazo 880, na mimi niliuchukua usiku. Gari la moshi hushika ukingo wa magharibi hadi Nag Hammadi, ambako huvuka mto kwa daraja na kuendelea upande wa mashariki, kisha huja Luxor, Esna, Edfu na mashamba ya miwa ya Kom Ombo, na nyuma ya miwa hiyo, karibu mno, mchanga mtupu. Ulikuwa mwezi wa Desemba, majira ambayo mavuno mapya ya karkade yamekwisha kuingia sokoni. Kitu cha kwanza nilichokitambua niliposhuka kituoni ni ukavu wa hewa, ukavu ambao sisi tuliozoea unyevunyevu wa kaskazi hatuujui: midomo hukauka kabla ya maneno kwisha, na kitambaa kilichofuliwa na kutundikwa hukauka huku mtu akikitazama. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa ukavu huo ni sehemu ya habari ya kinywaji chenyewe, kwani karkade iliyokaushwa vizuri katika hewa hiyo huweza kukaa muda mrefu bila kuota ukungu, ilhali kwetu, gunia likisahauliwa ghalani wakati wa masika, yaliyomo huwa si kitu cha kumpa mgeni.

Soko la Aswan limenyooka sambamba na mto, mtaa mrefu wa maduka yanayotazamana, na mbele ya kila duka la viungo husimama makapu ya karkade yaliyorundikwa kwa umbo la piramidi ili macho ya mtalii yasipate pa kupita. Nilikwenda hadi nilikochoka kuitwa kwa Kiingereza, nikamkuta mzee mmoja muuza viungo ambaye majirani wote walimwita Hajj, nami nikamwita hivyo hivyo, na Kiarabu changu cha chuoni kikatosha kumfahamisha kwamba sikutaka vifurushi vya zawadi. Akanipa kiti. Kisha akaleta magunia matatu kutoka nyuma, akachota kiganja kimoja kwa kila gunia, akaviweka juu ya gazeti mbele yangu.

Kiganja cha kwanza kilikuwa chekundu cha kung'aa, kimevunjikavunjika, na vumbi lake likapaka gazeti. Hiyo, alisema, ni ya kutiwa katika vile vifuko vya karatasi vya kuchovya. Cha pili kilikuwa kizima zaidi, lakini alipokipuliza, chembe za mchanga zilibaki nyuma. Cha tatu kilikuwa na wekundu ulioelekea weusi, kila kimoja kizima na ncha zake tano zimejikunja kuelekea ndani, na alipochukua kimoja akakipinda kati ya kidole gumba na cha shahada, hakikukatika, bali kilikubali, kikarudi taratibu mahali pake. Nikamwuliza hiyo ina ladha gani. "Mimi ni mwenye duka, ya ustadh," akanijibu, "usiniulize mimi, itafune." Nikaitafuna. Kwanza ukaja uchachu safi kama wa ukwaju mpya, kisha ukakasi uliozikaza kingo za ulimi, na baada ya hapo, kwa yule mwenye subira ya kutokimbilia maji, ukaja utamu mdogo wenye harufu ya zabibu, ambao katika kiganja cha kwanza nilipokijaribu sikuuona kabisa.

Watu huiita chai ya maua, na kwa kweli maua yake mtu hayanywi. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Hibiscus sabdariffa, ambao ni wa jamii moja na bamia na pamba, na ambao Tanzania hujulikana kwa jina la choya au rozela, hutoa ua la rangi hafifu lenye moyo mwekundu wa kuiva, na ua hilo hudumu takriban siku moja likaanguka. Kisha kile kikombe kilicholishika ua hunenepa, hujaa maji na uchachu, hulikumbatia tumba la mbegu, na hicho ndicho kinachochumwa, kikatolewa tumba, kikaanikwa. Ndiyo maana kinywaji chake kina tabia ya tunda kuliko tabia ya jani: ndani yake mna asidi ile ile ya ndimu, na ile ya tufaha pia. Hajj alinieleza kwamba karkade iliyo nyingi katika duka lake ni ya Sudan, kutoka Kordofan na Darfur, ambako wakulima hupanda mvua zinapoanza katika ardhi ya mchanga isiyofaa kwa mazao mengi mengine, mmea ukangoja hadi mchana unapopungua urefu ndipo uchanue, na wanawake wakaichuma kwa mikono na kulitoa tumba moja moja. Ya Aswan yenyewe ni kidogo, na bei yake iko juu. Nilizionja zote mbili bila sukari, nikaona ile ya Sudan ina rangi na nguvu, na ile ya Aswan ina harufu. Wala sioni sababu ya kuzishindanisha zaidi ya hapo.

Katika kuipika kuna madhehebu mawili, na watu wa Aswan hushikilia lao kwa bidii. Wako wanaoipika kwa moto: huisuuza upesi kwa maji baridi ili kuondoa vumbi, huitia katika maji yasiyo moto bado, kiasi cha konzi moja kwa lita, huipandisha hadi ichemke, huiacha dakika chache tu, kisha huichuja, na wajuzi wa njia hii hukuonya kwamba ikizidi kuchemka hupoteza ile harufu ya juu, ikabaki na ukakasi na kijiladha cha jamu iliyokaa sana jikoni. Na wako wasioitia moto kabisa: huiroweka katika maji baridi tangu jioni, hufunika, na asubuhi huichuja katika kitambaa. Mimi niko pamoja na hawa wa pili, nami nasema hivyo baada ya kuzinywa zote mbili kwa siku nyingi. Moto huifanya karkade iseme kwa sauti kubwa. Maji baridi huiacha iseme kwa mpango, uchachu kwanza, tunda baadaye, na ukakasi mwishoni kwa kiasi cha kuufanya mdomo utake funda jingine. Lakini sharti nikiri fadhila moja ya ile ya moto: usiku wa Desemba, upepo wa jangwa unapoingia mjini, bilauri ya moto iliyoshikwa kwa mikono miwili ina heshima yake ambayo ile ya baridi haiwezi kuidai.

Kuhusu sukari, nina neno, na naomba nisikilizwe na wale wote wanaopika choya kule nyumbani. Katika mikahawa mingi ya Misri karkade huletwa imekwisha kutiwa sukari, tena nyingi, hata mnywaji hajui kama anakunywa tunda au sharubati ya rangi. Hii ni kumnyima mtu haki yake. Funda la kwanza la kila bilauri na linywewe tupu, lishikwe mdomoni kitambo, liachiwe lifike pande za ulimi, kisha limezwe polepole na pumzi itolewe kwa pua, kwani harufu ya zabibu niliyoitaja hupatikana katika pumzi hiyo, na asiyeingoja hatajua kamwe kama ilikuwapo. Baada ya hapo atie sukari anayependa. Ataona mwenyewe kwamba nusu ya aliyoizoea yatosha.

Palikuwa na mwenye mashua mmoja, Mnubi, aliyenivusha mara kwa mara kwenda kisiwa cha Elephantine, na aliposikia shabaha ya safari yangu alikataa kupokea nauli ya siku ile, akanipeleka kwa mama yake. Nyumba ilikuwa ya udongo, kuta zimepakwa buluu, na ua wake umefagiliwa hata mchanga umebaki na mistari ya ufagio. Mama yule alileta karkade katika sinia, ilirowekwa tangu usiku katika chombo cha udongo, na kabla ya kunikabidhi bilauri alikamulia matone mawili ya ndimu. Na hapo nikaona jambo kwa macho yangu, kwamba ule wekundu uliokuwa umetulia uliamka ghafula, ukawa mwangavu. Nilidhani ni mwanga wa jua tu. Lakini tulipokwisha kunywa, mjukuu wake akachukua bilauri akaenda kuziosha pale pale uani, na maji ya sabuni yalipogusana na masalio ya kinywaji, wekundu ukageuka urujuani, na urujuani ukageuka buluu chafu yenye kuelekea kijani, yote kwa muda wa kuhesabu tano. Binti akaona nimeduwaa, akamimina tena katika bilauri nyingine ili nishibe. Rangi ya karkade ni ya jamii ya anthosayani, ambayo hutii asidi: mbele ya ndimu huwa nyekundu, na mbele ya sabuni au magadi huwa buluu. Mpishi hana budi kulijua hili, kwa kuwa maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi huweza kuifanya karkade nzuri ionekane imechoka. Na aliye na maji ya namna hiyo, tone la ndimu lamtosha.

Ni mama huyo pia aliyenipa somo la siha ambalo nilikwisha kulisikia kwa Hajj na kwa mpishi wa nyumba ya wageni: ya kwamba karkade ya moto hupandisha shinikizo la damu na ya baridi hulishusha. Wamisri wengi husadiki hivyo, na sikuona adabu kumbishia mwenyeji wangu juu ya sinia yake. Lakini uko utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010, wa Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, ambao waliwapa watu 65 wenye shinikizo lililopanda kidogo ama vikombe vitatu vya karkade kila siku kwa wiki sita, ama kinywaji kingine cha kufanana nacho. Na shinikizo la juu likashuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki kwa wanywaji wa karkade, na 1.3 kwa wale wengine. Na karkade waliyoinywa iliandaliwa kwa maji yaliyochemka. Basi anayetumia dawa za shinikizo na amwulize tabibu wake kabla ya kuifanya desturi. Mimi siinywi kwa ajili ya hayo, na nimeyataja kwa kuwa nisingeyataja msomaji angeniuliza.

Katika mazungumzo yale mama akataja kijiji cha ukoo wa mumewe, kimojawapo cha vile ambavyo watu wake walihamishwa mwaka 1963 na 1964, kabla ya ziwa la bwawa kuu kuvifunika, wakapewa makazi mapya karibu na Kom Ombo, mbali na maji. Alichokitaja kwa huzuni zaidi ya nyumba ni miti: mitende, na ile mikoma yenye shina linalogawanyika panda, ambayo Waarabu huiita doum na ambayo ni ndugu wa mikoma ya pwani yetu. Tunda lake ni gumu, la kahawia, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, na nyama yake ni nyuzinyuzi kavu ambazo watoto hutafuna siku nzima. Ni chakula cha kale. Matunda ya mkoma yalikutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922. Mama akasaga, akachemsha, akachuja, akanipa, na nilipoonja nilijuta kwamba sikuanza kulinywa siku ya kwanza: halina uchachu hata kidogo, lina utamu wake lenyewe usiohitaji sukari, harufu ya sukari iliyoungua kidogo, na mwishoni kijoto kama cha tangawizi ambacho hakikutiwa na mtu. Baada ya karkade, ambayo huamsha mdomo, doum huutuliza. Laiti wale wanaoikata mikoma yetu kwa ajili ya kuti na ulevi wangelionja hili.

Vinywaji vingine vya mji nitavipitia upesi. Tamr hindi ni ukwaju tu, nasi hatuhitaji kuvuka jangwa kwa ajili yake. Kharrub, itokayo katika maganda meusi ya mti wa kharrub, hunywewa baridi na ni tamu mno kwa kipimo changu. Yansun ni maji ya mbegu za anisi, ambayo wazee huagiza mkahawani usiku badala ya kahawa, na nilifurahi kuona kwamba mwagizaji hakuulizwa kama anaumwa.

Lililobaki ni habari ya mama wa Kisudani. Tangu vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, watu wengi mno wamekimbilia Misri kwa njia ya kusini, na Aswan ndiyo mji mkubwa wa kwanza wanaoufikia. Na kando ya barabara iendayo stesheni nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya meza ndogo yenye jiko la mkaa, birika, na mikebe ya viungo iliyopangwa kwa usawa, kama walivyo akina mama wauza chai wa Khartoum. Alitoka Al-Ubayyid, mji wa Kordofan ulio maarufu kwa soko la gundi ya mgunga, na ambao katika vita hivi ulizingirwa kwa muda mrefu. Nilimwamkia, nikamwita khalti kama nilivyosikia wengine wakimwita, nikaketi kwenye kigoda. Alikuwa na maji ya tebeldi, yaani ubuyu wetu, unga mweupe wa ndani ya kibuyu uliorowekwa katika maji ya baridi, usiotiwa moto, mzito na mchachu. Nikamweleza kwamba kwetu tunayo mibuyu vilevile, na kwamba Unguja na Mombasa watoto hununua mbegu zake zilizopakwa sukari na rangi nyekundu. Akanitazama kwa mashaka, akauliza kwa nini tunapaka rangi kitu ambacho Mungu amekwisha kukimaliza.

Kisha akafungua mkebe ambao hakuwa ameuweka pamoja na ile mingine. Ilikuwa karkade ya kwao, iliyoletwa na jamaa zake kidogo kidogo katika mizigo yao, kwa njia ambayo lori za wafanyabiashara zilikuwa hazipiti kwa urahisi. Na aliniambia kwamba wako wakulima ambao msimu ule hawakupanda, na wengine walipanda wakakimbia kabla ya kuchuma. Akaipika kwa desturi ya Sudan, moto, na kijiti cha mdalasini na kipande cha tangawizi, akaniuliza sukari, nikasema sitaki, akacheka, akasema mgeni wa kwanza. Nami niliyejiweka pamoja na watu wa maji baridi nikainywa ile ya moto hadi chini, kwa sababu mdalasini haukuifunika karkade, bali uliichukua ile harufu ya zabibu na kuirefusha, na ukakasi ulikuwa laini kuliko wa zote nilizozinywa katika mji ule. Nikamwomba aniuzie nusu kilo kwa bei aitakayo. Akapima robo, akasema iliyobaki ni ya watu wa kwao wanaopita pale jioni.

Kesho yake nilimpelekea Hajj kiasi kidogo katika karatasi. Alikipinda kimoja kati ya vidole vyake, akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu huku mteja akimngoja mlangoni, kisha akaniuliza huyo mama huketi upande gani wa barabara, na kama huwa amekwisha kufika pale baada ya Adhuhuri.